Mara ya 4,417

Januari, Ísafjörður. Jua haliuvuki mlima.
Saa tano asubuhi taa za meza bado zawaka,
nasi wawili tunaporomosha theluji ya uongo
juu ya mji wa kweli.

Mara elfu kumi. Kila mara mashine hurusha kete:
upepo wa kiasi gani, tabaka lipi libanduke,
jiwe gani likatae kushika.
Kete, twaziita. Hakuna kete.
Kuna rundo la nambari lililojificha;
twalikoroga, twachota, twalikoroga tena,
na kila kitokacho kilikwisha kuamuliwa
tangu tulipopanda mbegu.

Mara ya 4,417 theluji iliuparamia ukuta,
ikashuka upande wa pili kama mtu ajuaye njia,
ikasimama jikoni kwa Sigurlaug, nyumba namba tisa.
Hallfríður akaacha kutafuna.
"Irudishe. Nataka kuona ilikopitia."

Nikairudisha. Mbegu ileile.
Ukuta ukahimili. Jikoni pakavu.
Nikarudia.
Pakavu.

Siku tatu tulitafuta. Kumbe Ketill,
aliyepita Jumatatu, aliongeza mstari mmoja
achungulie tu, aone nambari inafananaje.
Kuchungulia ni kuchota.
Kila mzunguko ulichota moja, ukaitupa,
na zote zilizokuwa nyuma kwenye foleni zikasogea:
upepo ukala fungu la jiwe,
jiwe likala fungu la upepo.
Kisha jioni akaufuta mstari wake. Mtu msafi, Ketill.

Simlaumu. Ni sisi tulioweka chungu kimoja
katikati ya chumba,
kila mwenye kikombe akajichotea.

Sasa upepo una chungu chake, jiwe lina chake.
Na kabla ya kila mporomoko naiandika hali nzima,
nambari mia sita ishirini na nne,
pamoja na alama ya pale tulipofikia,
maana mbegu hukwambia ulikoanzia,
haikwambii uko wapi.
Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwa na faili hili.

Tuliurudisha mstari wa Ketill, mara moja tu.
Theluji ikaja. Ukuta, ua, dirisha, jikoni.
Hallfríður aliisimamisha hatua kwa hatua,
akaandika kwa penseli: mita mbili zaidi, upande wa mashariki.

Nje imeanza kuanguka nyingine, ambayo hakuna aliyeihifadhi.
Akapiga simu namba tisa.
Sigurlaug alikuwa anakaanga samaki.
Akasema, tuzungumze kesho.