Moja la Kuonja

Machungwa ya Ngora huiva yakiwa kijani.
Usiku wa huku hauna baridi ya kuyapaka rangi,
kwa hiyo jicho halikusaidii kitu,
wala kidole:
ukibonyeza, yote yanakujibu "bado kidogo",
hata yale yaliyokwisha kulewa utamu wake.

Ndiyo maana Asekenye, langoni, kabla hajakuuliza jina,
hukupa ruhusa na mpaka wake kwa pumzi moja:
"Onja moja kila safu. Si kila mti. Safu."
Kisha anakutazama viatu,
kana kwamba uaminifu wa mtu huanzia kwenye visigino.

Nilikuja kutoka Busia na magunia manne
na mwanangu Egesa, wa kushika midomo ya magunia.
Nikamtania mama wa watu: kwetu husema
mwonja asali haonji mara moja.
Akasema, "Asali ni ya nyuki. Haya nilimwagilia mimi,
ndoo kichwani, tangu mwaka tuliotoka kambini."
Mzaha ukaishia hapo.

Sheria nyingine hazitamkwi.
Unazijua kwa anavyovuta pumzi ukizivunja.
Usivute; zungusha, mpaka kikonyo chenyewe kikubali.
Usichome ganda kwa ukucha ukitafuta maji:
kidonda cha leo ni inzi wa kesho
na gunia zima la keshokutwa.
Ulilolimenya ni lako mpaka kokwa ya mwisho,
hata likiwa chachu la kukunja masikio.
Maganda yaache njiani, mbuzi wamo katika hesabu.
Na mti usiokusudia kuuvuna, usiuonje.
Hiyo ni sawa na kwenda kuposa kwa ajili ya chai.

Safu ya kwanza nikaonja kwa adabu, nimesimama,
macho mbele kama niko kanisani.
Safu ya pili, vilevile.
Safu ya tatu, Mungu wangu, safu ya tatu!
Ile ya kuonja ilipokwisha mdomo ukabaki wazi.
La pili lilianguka lenyewe,
mkono wangu ulikuwa karibu tu.
La tatu sina maelezo yake.
Maganda nikayafutika ndani ya kanga, kiunoni,
nikaendelea kuchuma huku nikikohoa bila kifua.

Egesa aliona. Hakusema.
Alikuwa na lake moja, zima, hajalitoboa,
tangu safu ya kwanza amelishika kama yai.

Jioni magunia yakashonwa, Asekenye akaketi juu ya kinu
na daftari lake lenye jalada la picha ya twiga.
Egesa akamwendea:
"Hili la kuonja, nikilipeleka kwa dada yangu Taaka,
likivuka lango, bado ni la kuonja?"
Mama yule akafikiri kwa muda mrefu
kuliko alivyofikiri bei ya magunia manne.
Kisha akaniita tuagane,
akanishika mkono wa kulia, akauzuia kidogo,
kama daktari anayetafuta mshipa.
Chungwa halina siri. Mafuta ya ganda lake
hushika kiganja, na hapakuwa na maji karibu.

Akaandika, nami nikasoma kichwa chini miguu juu:
*Magunia manne.*
*La mtoto, moja, la kuonja.*
*Ya mama, mawili, mia nne.*

Nikalipa. Sarafu zilikuwa nzito kuliko noti za magunia.
Hakunikemea, wala hakucheka.
Alinifungia kamba ya gunia la mwisho kwa mikono yake
na kuniuliza kama wiki ijayo nitarudi.

Nyumbani usiku Egesa akalimenya chungwa lake,
vipande kumi, akavigawa kwa taa ya mafuta.
Lilikuwa chachu! Taaka alifumba jicho moja,
bibi yake akapiga goti kwa kofi.
Nikataka kusema, liacheni, yapo mengine, magunia manne.

Egesa akanitazama.
Tukala wote kimya, mashavu yakitetemeka,
mpaka kokwa ya mwisho.