Mama Maana Yake Baba

Alilitamka Jumanne, kijiko kikiwa njiani,
mtindi umemganda kidevuni:
"mama".

Evanthia akaacha sufuria iungue.
Umesikia? Ameniita!
Nami, mikono imejaa grisi ya friji la watu,
nikasema taratibu, kama mdai mwenye adabu:
hapana, mke wangu, ameniita mimi.

Kwa Kijojia "mama" ni baba.
Ndivyo tulivyo. Mama kwetu ni "deda",
na aliyepanga hivyo hakuacha anwani.

Tukagombania silabi mbili usiku kucha
kama warithi wa shamba lisilo na hati.
Asubuhi mama mkwe, Despina, akaja na pai ya mchicha,
akakata kesi kabla hajavua koti:
mtoto kazaliwa Thesaloniki, neno ni la Kigiriki.

Basi tukagawana nyumba.
Jikoni Kigiriki, sebuleni Kijojia,
ujia wa katikati mpaka usio na askari;
Nutsa akauvuka kwa magoti, hana pasi,
anaburuta soksi moja.

Kwetu jina ni bakuli la jirani, halirudi tupu.
Mtoto akikuita, nawe unamrudishia cheo chako:
mimi baba yake namwita Nutsa "mama",
na nyanya yake kule Kutaisi, Natela,
aliyebanwa ndani ya kioo cha simu, paji la uso tu likionekana,
humwita "bebia", yaani nyanya,
msichana wa kilo kumi na mbili.

Alipotimiza miaka mitatu mwalimu akaniita pembeni.
Mtoto anachelewa kusema, alisema Bi Kaliroi,
lugha mbili ni mzigo, mpunguzieni moja.
Alisema kwa upole,
kama anayekushauri uuze figo iliyozidi.

Sikuuza.
Lakini mwaka uliofuata Nutsa mwenyewe alifunga duka.
Namwambia njoo, anakuja.
Namwambia vaa viatu, anavaa, kushoto kulia, kulia kushoto.
Namuuliza umeota nini,
na jibu linakuja lote kwa Kigiriki,
refu, lenye farasi na ngazi na shangazi asiyekuwepo,
na mimi, fundi wa watu wazima,
nakwama kwenye neno la hatamu.

Nilianza kuzungumza peke yangu.
Nikiendesha gari la kazi, Kalamaria hadi bandarini,
nilizitajia taa za barabarani majina yake,
nyekundu, kijani,
nisije nikawa wa kwanza kusahau.

Halafu jana.
Umeme ulikatika mtaa mzima, mafriji ya watu yakanyamaza,
nikarudi mapema.
Mlango wa chumba chake umeachwa wazi kidogo, upana wa kiganja.
Ndani, sauti inamkemea mwanasesere
yule asiye na jicho, aliyekataa kulala.

Ilikuwa Kijojia.
Chenye kasoro, konsonanti mbili zimeanguka njiani,
lakini Kijojia, chenye hasira na cha nyumbani.
Kisha hasira ikaisha, akamfunika kwa taulo la vyombo,
akamwinamia:
"lala, deda. Lala, deda wangu."

Hebu ngoja.
Hakuna anayemwita hivyo.
Evanthia hajui kama tuna desturi hiyo,
nami si mama, siwezi kulitumia.
Alipiga hesabu mwenyewe, gizani, na kidoli mkononi:
ikiwa baba ananiita baba,
na nyanya ananiita nyanya,
basi mimi niliye mama wa huyu...

Nilisimama ujiani, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.
Evanthia akatoka jikoni na mshumaa.
Amesema nini? aliuliza.

Nikafungua mdomo nimtafsirie.
Kigiriki changu chote, cha miaka tisa,
cha risiti na mabomba na kodi ya nyumba,
kilikuwa mahali fulani, hakikuja.

Mshumaa ukadondosha nta kwenye soksi yangu.
Amesema nini? akanong'ona tena,
na ndani ya chumba Nutsa akatusikia,
akaita kwa sauti, "Mama!"

Tukageuka wote wawili.