Mwiko na Mchi

Wiki moja ziliniingia oda mbili za gongo,
si ile ya kunywa; la kupigia mpira.

Bwana Kassamali wa vipuri, Barabara ya Sita,
alinichorea lake kwenye boksi la sabuni:
bapa mbele, mgongo kama paa la nyumba.
"Kriketi," akasema, na mabega yakamnyooka.

Alhamisi akaja mwalimu Lechipya wa Kizota.
"Langu liwe la duara, fundi,
jembamba mkononi, linenepe kuelekea kichwani.
Besiboli. Watoto wangu wanapigia bomba la maji."

Mke wangu akachungulia karakana, akacheka:
"Huyu kaagiza mwiko, yule kaagiza mchi.
Mwaka huu wanaume watapika."

Mwiko niliutoa kwenye mwarobaini wa jirani.
Mchi ni mninga, niliukereza mpaka umeme ukakatika,
nikamalizia kwa msasa, gizani, kwa kupapasa.

Jumamosi nikaenda kuziangalia kazi zangu.
Uwanja mmoja, na upepo ule wa Julai
unaotia mchanga hadi kwenye mawazo.

Kwa wa mwiko, mpira hutua chini kwanza,
huiomba ardhi ruhusa ndipo ukujie,
na ardhi ya Dodoma haijibu mara mbili sawasawa.
Mpigaji ana hiari: aupeleke mbele, ubavuni, hata nyuma,
au auzuie tu, asimame, awachoshe watu mpaka chai.
Akikimbia, hukimbia na mwiko wake,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
kama mimi, nyumbani na karakana, miaka thelathini.

Kwa wa mchi, ardhi haiulizwi.
Mpira unakuja hewani, mkavu, kama habari ya simu.
Mistari miwili imekubana huku na huku.
Ukikosa mara tatu, kaa chini.
Ukipata, tupa mchi, mbio!
Sechelela, binti wa muuza alizeti,
aliupiga ukaingia kwenye shamba la zabibu,
akavua kandambili:
kituo, kituo, kituo,
akakwama hapo cha tatu. Mwenzake akakosa. Zamu ikaisha.

"Amepata ngapi?" nikauliza.
"Hana kitu," mwalimu akasema.
"Mpaka akanyage nyumbani, fundi,
pale pale alipoanzia. Huku hatuhesabu njia."

Nikajifanya nakagua ufa kwenye mchi.

Kijana wetu Malogo alipanda treni mwaka juzi.
Bahi, akapiga simu.
Manyoni, akapiga simu.
Tabora akapiga mara moja, akasema mtandao mbaya.

Nilipomsimulia Kassamali, akanishika bega:
"Si amefika upande wa pili? Basi, imehesabiwa."

Mama yake yuko uani anatwanga uwele.
Yeye anahesabu kwa sheria za mchi.