Stakabadhi

Jumanne asubuhi, kituo cha polisi, Moshi.
Niliweka mezani kopo la Kimbo,
Koplo Nyamizi akafunua kifuniko
kisha akasogeza kiti nyuma, taratibu.
"La nani?"

La baba. Eliawony Kiwelu, fundi wa reli,
miaka thelathini na moja akikaza mataruma
kutoka Kahe hadi Lembeni,
mkono mmoja nyundo,
mwingine mfukoni, ukipapasa
alichookota kwenye kokoto.

Andika, afande.
Bastola moja. Mpini wa mbao, umepasuka.
Chini yake pete ya kufungia kamba; kamba haipo.
Pini ya kugongea haipo.
Aliinunua kwa muuza chuma chakavu wa Kiborloni
kwa bei ya mbuzi mwenye mimba,
na mama akanuna hadi mbuzi wa jirani alipozaa.

Maganda ya risasi, mia mbili na tisa.
Yenye ukingo kitakoni ni ya Mwingereza,
yenye mfereji ni ya Mjerumani.
Baba aliyatofautisha kwa ukucha.
Umeme ukikatika alikaa nayo sebuleni
kama mtu achambuaye mchele,
tukasikia shaba ikigusa shaba,
ti, ti,
tukajua hajalala.

Risasi nzima, tano, za bastola.
Ila si za bastola hii.
Nne nene mno, moja inapwaya.
Miaka arobaini alitafuta itakayokaa.
Alikuwa na mwenzake Arusha, fundi saa Jivraj,
mgonjwa wa ugonjwa huohuo;
barua zao vipimo vitupu:
kipenyo, urefu, shingo imebonyea au haijabonyea,
na mwishoni, msalimie mama watoto.

Jivraj alitangulia. Bahasha yake ya mwisho
ilifika baada ya habari za msiba,
ndani yake risasi ya mti,
mringaringa, imechongwa kwa tupa ya saa.
*Kiwelu, hii itakaa.*
Ikakaa.
Baba alifunga chemba, akafungua, akafunga,
akaenda kunawa uso.

"Sasa alitaka kumpiga nani?"

Afande, geuza ganda. Soma kitako.
Vaa miwani kwanza.
Saba, kumi na nne.
"Imezaliwa Julai," baba alikuwa akisema,
"na kiwanda kimetia sahihi."
Babu yake alibeba masanduku ya vitu hivi
kichwani, akashuka nayo upande wa Kahe,
na hakuna kitako kilichomwandika:
si siku aliyoondoka, si mto uliombakiza.
Baba mwenyewe, kitambulisho chake
kinasema Januari mosi,
kama nusu ya ukoo wetu,
tuliozaliwa wote siku moja na karani mmoja.
"Kitu kidogo hivi," alisema, "kina cheti."

Koplo alinyamaza. Aliyahesabu mara mbili,
akiyageuza moja moja zaidi ya fomu inavyodai.
Kwenye ganda la sabini hivi nilisikia
akinong'ona mwezi.

Kisha akaishika ile ya mti.
Akatafuta kwenye fomu: aina, namba, hali.
"Mti hauna mahali hapa," akasema,
akanirudishia kiganjani
kama mtu arudishaye chenji.

Aligonga muhuri. *Imesalimishwa kwa hiari.*
Tarehe ya leo, ya bluu, imevuja kidogo.

Nimefika nyumbani.
Chai ipo, sindano ya kushonea magunia ipo,
kitako cha mringaringa ki laini, hakina neno.
Ningeandika jina, lakini jina tunalo.
Ni mwezi.
Ule wa mvua, alisema bibi. Shangazi akasema wa nzige.
Sindano nimeishika tangu saa sita
na chai imeshatanda utando.