Mstari wa Saba

Studio yangu iko Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Kuta nimezivika trei za mayai,
mlango nimeuvika godoro nililolalia bweni,
na bado saa tatu Ngowi akiwasha mota
unga unaingia ndani ya kila wimbo.
Ndiyo maana narekodi alfajiri,
kabla mahindi hayajaamka.

Kina mama wa kwaya walikuja Jumamosi,
wanane, masweta ya Julai, chupa ya chai,
na mwalimu wao Elisaria, mwenye saa mbili mkono mmoja
(ya pili ni zawadi, haiendi).
Nikampa kila mama maiki yake,
tatu zangu, tano za kuazima.

Kwenye kioo, sauti ni shamba.
Mistari minane, kila mama na tuta lake,
penye nguvu pamevimba, penye pumzi pamesinyaa,
na juu yake gridi imekazwa
kama kamba ya fundi mwashi.
Mstari wa saba ni Bi Ndeonasia.
Kila neno lake limeangukia nje ya kamba
kwa upana wa ukucha.

"Nyoosha," akasema Elisaria.

Programu inaweza. Unachagua, unabonyeza Q
(herufi imefutika, kidole kinaikumbuka)
na silabi zinarukia nafasi zake
kama watoto waliomsikia mwalimu wa zamu.
Tukasikiliza.
Wimbo ulikuwa safi.
Safi kama sahani ambayo hajaila mtu.

Tendua.
Neno hili nalipenda. Funga, fungua. Kunja, kunjua.
Tenda, tendua, hatua mia nyuma ukitaka,
kwa kidole kimoja.
Ila zeeka haina zeekua.
Nimeitafuta.

Walipoondoka nikawanyamazisha wote,
nikabaki na yeye ndani ya hedifoni.
Sweta ikikwaruza maiki. Mate yakimezwa.
Na kabla ya kila neno kituo kidogo,
kama mtu aliyeshika mlango
akihesabu kama wote wameingia.

Nikamfungulia wa sita.
Huyu alianza kwenye kamba, sawasawa,
lakini mkia wa neno aliuvuta, akauvuta,
mpaka Ndeonasia akafika.
Wa tano vilevile. Hata Aikande, sauti ya filimbi,
anayejulikana kwa haraka zake,
aliiacha "amani" mlangoni, wazi, ikimngoja.

Basi hakuwa amechelewa.
Mimi nilipomnyoosha, wenzake saba
walibaki wakimngoja mtu aliyekwisha kupita.

Nikapunguza mvumo wa chini. Nikaongeza mwangwi,
kiasi cha kanisa lisilo na dari.
Kikohozi cha beti la tatu nikakiacha.
Nikahifadhi: *mwisho*.
Nikahifadhi: *mwisho kabisa*.
Luku ikalia, zimebaki yuniti mbili,
nikahifadhi: *mwisho huu hapa*.

Jumatatu Elisaria akaja na flashi yake.
Akasikiliza macho yamefumba,
akigonga kioo cha ile saa isiyokwenda.
"Umeona?" akasema. "Sasa imenyooka."
"Imenyooka, mwalimu."

Ngowi akawasha mota.
Unga ukashuka polepole juu ya vibonyezo,
ukajaza kile kisicho na herufi.