Mwanafunzi Namba Kumi na Saba

Wiki tatu nilikusoma, Kumi na Saba,
nikiwa Kampala, ghorofa ya nne, feni imekufa,
nikikuona kwa safu za tarakimu tu:
saa nne na dakika mbili, jibu: tisa. Kosa.
Dakika ile ile, jibu: nne na nusu.
Kosa jingine, la ukoo mwingine.
Anayejumlisha ovyo hakosei vile.

Programu yangu ilikuchora upya kila usiku
(kazi yake ndiyo hiyo, kukisia kilichomo kichwani
kwa kutazama kinachotoka vidoleni)
na kila usiku mchoro ulikuja umepinda:
unajua sehemu, hujui sehemu,
mwepesi kama swala, mzito kama jiwe la kusagia,
saa hiyo hiyo, kiti hicho hicho.
Nikasema huyu ni mdudu. Nikamsaka kwenye msimbo,
mstari kwa mstari, mpaka macho yakanichonyota.
Kidole kimoja hakivunji chawa, najua,
ila chawa mwenyewe hakuwepo.

Kisha ile Alhamisi.
Swali la mabomba: la kwanza hujaza tangi kwa saa tatu,
la pili kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, je?
Tisa. Nne na nusu. Halafu kimya.
Sekunde arobaini, programu ikatoa dokezo.
Themanini, ikatoa la pili.
Mia na ishirini, ikakupongeza kwa kujaribu.
Dakika kumi na moja bila herufi, bila mguso,
nayo ikaandika, kwa adabu niliyoifundisha mimi:
*Mwanafunzi hayupo.*
Kisha: mbili. Saa mbili. Sahihi.

Hayupo, na amepata.
Nikafunga safari ya Arua.

Chumba kilikuwa stoo ya mahindi; bado kinanukia.
Mashine kumi na nane, watoto kumi na tisa.
“Kumi na Saba ni yupi?”
Mwalimu Onzima akafuta chaki kwenye suruali.
“Yupi, au wepi?”
Kiti kimoja, wamekigawana nusu kwa nusu,
kila mmoja ameegemeza mguu wa nje sakafuni asianguke:
Candiru kwenye kipanya, Feta kwenye vibonye.
Feta alihamia katikati ya muhula, kutoka Koboko.
Kwenye orodha yangu hakuwa na namba.

Nikauliza habari za Alhamisi.
Candiru akatoa mfukoni vifuniko sita vya soda,
akavipanga chini, kwenye saruji.
“Hili ndilo tangi. Bomba hili, saa moja, viwili.”
“Na lile, kimoja,” Feta akasema, akikisogeza.
“Vitatu kwa saa. Basi.”
Basi. Watoto wa miaka kumi na miwili.
“Nani aliligundua?”
Hapo wakaanza upya, kwa Kilugbara, kwa mikono,
vifuniko ni vya nani, wazo ni la nani,
na mpaka naondoka walikuwa hawajapatana.

“Na mashine? Ilikuwa ikiwaambia nini?”
Wakatazamana.
“Ilikuwa inatusumbua,” akasema Feta.
“Tuliifunika kwa sweta.”

Usiku, gesti, mbu na mimi na kompyuta,
nilifuta mstari ule, *hayupo*,
nikakaa nao uwazi wake.
Nimesoma miaka kumi namna ya kujibu.
Namna ya kungoja sikufundishwa;
sikujua inaandikwaje.
Mwishowe nikaweka swali moja mlangoni,
kabla ya mabomba, kabla ya sehemu na desimali:
*Mko wangapi hapo?*

Jumatatu, saa nne kamili, nikaona Kampala:
Wawili. Likafutwa.
Watatu. Likafutwa.
Wawili.
Likafutwa.
Sekunde arobaini.
Themanini.
Nikakunja mikono, nikawaacha.