Mililita Thelathini na Moja

Chupa ya kahawia, kifuniko cha kukandamiza kwanza ndipo kizunguke.
Saa mbili asubuhi: mililita mbili na nusu.
Naandika daftarini, natia saini, nafunga kabati,
ufunguo naurudisha shingoni, chini ya sare.

Bi Isobel Geddes, mifupa yake ilitobolewa na saratani
kama boriti iliyokaliwa na mchwa.
Kabla ya dozi hakuwa na jina, wala adabu, wala mji;
alikuwa sauti tu.
Dakika ishirini baadaye nilimwona akirudi
taratibu, kama apandaye ngazi na mzigo:
kwanza macho,
kisha kuuliza kama mvua imekatika,
kisha kunisuta kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea miguu.
Nani ataniambia dawa hii ni mbaya?
Nimeiona ikimrudishia mtu matusi yake.

Lakini ukutani, juu ya hita, iko picha ya Fraser.
Aliumia mgongo akipakua mbao, bandarini hapa Dundee.
Aliandikiwa vidonge viwili kwa siku. Vikawa vinne.
Daktari alipofunga kalamu, mtaa ukafungua mlango.
Mama yake ndiye aliyemkuta, bafuni, bomba bado linamwaga maji,
midomo imegeuka samawati.
Alinisimulia mara moja tu, akiitazama ile chupa:
"Yeye ilimchukua. Mimi inanishika mkono."
Kisha akaachama kama kinda, nikampa.

Mjukuu, Lewis, huja Alhamisi. Humbusu bibi yake harakaharaka;
macho yake yameshatangulia kabatini.
Simtuhumu.
Nahesabu tu akishaondoka.

Mafunzoni tuliambiwa: anayekufa usimnyime.
Tukaambiwa pia: zikipungua pumzi, zihesabu.
Basi mwezi mzima nilihesabu vitu viwili,
mpaka usiku wa Jumanne
kimoja kikaisha kabla ya kingine.

Zilibaki thelathini na moja.
Nazirudisha duka la dawa, Lochee, kwa basi,
mfuko mapajani, mvua inapiga kioo kwa ubavu.
Na mgongo wangu, mwezi wa kumnyanyua, kumgeuza, kumwosha,
unabisha hodi kwenye kila tuta.
Hodi. Mko wawili tu, wewe na chupa.
Na daftari umeliandika mwenyewe.
Mama yangu angesema dawa ya moto ni moto;
hakuona nyumba ya Geddes ilivyozimwa.

Kituo kikapita.
Nikashuka kinachofuata, nikarudi kwa miguu.

Mfamasia alimimina, akainua kipimo kwenye taa, akafinya jicho.
"Thelathini na moja." Nikatia saini.
Akauliza kama nina haja nyingine.
Nikaomba plasta ya mgongo, ile ya joto, inukayo kafuri.
Haikusaidia sana.
Nililala nayo hivyo hivyo.